Fundi wa Majiko wa Jules Street

Fundi hakuwa mtu wa kukaa. Kwenye karakana yetu pale Malvern, Johannesburg, kulikuwa na viti vitatu, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumbuki kumwona amekalia hata kimoja. Chai aliinywa akiuzunguka msumeno, kikombe mkono huu, penseli mkono ule. Wali aliula amesimama mlangoni, akitazama magari ya Jules Street kana kwamba kuna moja linakuja kumchukua. Ukimwambia, "Fundi, keti basi ule kama binadamu," alikujibu bila kugeuka, "Wewe kaa kwa niaba yangu."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majiko. Si majiko ya mkaa, namaanisha jiko zima la nyumba, yaani kabati, droo, kaunta, mahali pa sinki na mahali pa stovu. Wengine hapo mtaani walitengeneza vitanda na milango, wakapata wateja wengi kuliko sisi. Yeye alikataa. Alisema kitanda hakina akili, kinakungoja ulale basi, lakini jiko linamtumikisha mtu maisha yake yote, na likikosewa linamla taratibu, kiuno kwanza.

Mimi, Zuhura, nilikuwa mchoraji wake, na mdomo wake pia. Nilisoma uchoraji wa ramani kidogo chuo cha ufundi Dar es Salaam kabla sijaja huku, na Kiingereza nilikuwa nacho. Fundi, ambaye Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa kitamu mpaka Wakongo walikuwa wanakuja kumsikiliza tu, Kiingereza chake kiliishia kwenye vipimo. Kwa hiyo mteja akisema, mimi namfikishia Fundi. Fundi akisema, mimi namfikishia mteja. Naomba hili likumbukwe, maana ndilo lililonifanya niandike.

Akiingia jikoni kwa mtu hakutoa futi. Alisalimia, akajibana pembeni, kisha akamwambia mwenye jiko, "Mama, pika. Fanya kama mimi sipo." Watu walidhani ana njaa. Kuna Mkongo mmoja wa pale pale Malvern, tukimwita Maman Béa, alishika kiuno akamtazama juu mpaka chini.

"Fundi, weye umekuja kupima ao umekuja kukula?"

"Kupima, mama. Napima miguu yako."

"Miguu yangu! Eh! Bwana yangu anasikia hii?"

Bwana alikuwa sebuleni, akacheka. Maman Béa naye akaona hana la kufanya, akabandika maharage. Fundi alisimama kwenye kona yake, midomo ikichezacheza, vidole vikipiga paja. Alipomaliza kuhesabu akatoka pale kwenye kona kwa kasi, akaanza kutembea alikotembea yule mama. Friji hadi sinki, kuzunguka meza, sinki hadi stovu, kurudi kwenye friji.

"Mafiga yako mangapi, mama?" aliuliza.

"Mafiga gani? Mi niko na stovu ya umeme."

"Unayo matatu. Friji, sinki, stovu. Bibi yako alipoweka mafiga aliyasogeza karibu, chungu kikakaa. Wewe aliyekujengea ameyatupa, moja huku, moja kule, na meza katikati. Chungu hakianguki, unaanguka wewe. Jioni miguu inakuuma, sivyo?"

Maman Béa akasema kwa sauti ya chini kwamba miguu inamuuma sana, alifikiri ni uzee.

Hivyo ndivyo alivyowapata watu. Halafu akaendelea kuwachosha. Alimwambia Maman Béa akate kitunguu, akamwonyesha kwamba taa iko katikati ya dari, nyuma ya mgongo wake, na kwa hiyo kila siku anakata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Akawasha tochi ya simu, akaishika chini ya kabati la juu, kisu kikang'aa. "Taa inakaa hapa," alisema. "Taa ya dari ni ya kutafutia pete iliyoanguka." Akauliza takataka zinakaa wapi. Zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia kwenye kitasa cha mlango. Alisema hajawahi kuona ramani ya jiko yenye mahali pa takataka, wala hajawahi kuona jiko lisilo na takataka, na mimi nikainamisha kichwa kwenye karatasi yangu kwa sababu nilikuwa nimesahau pia.

Makosa ya majiko aliyajua kama mwalimu wa madrasa anavyojua makosa ya wanafunzi wake, na hakuyasamehe. Soketi juu ya sinki. Kabati la juu ambalo mwenye nyumba hulifikia kwa kupanda kigoda, na ndani yake ndimo wameweka sufuria nzito. Droo ambayo haifunguki mpaka ufunge mlango wa friji. Stovu iliyobanwa ukutani bila hata kiganja cha kaunta pembeni. Hilo la mwisho lilimuudhi kupita yote. "Sufuria ya moto haina subira," alikuwa akisema. "Ukishaiinua lazima uwe unajua unaitua wapi. Huwezi kuanza kutafuta."

Tulipoingia kwa watu hata kama wageni tu, msibani au kwenye maulidi, alipenya jikoni. Wanawake walimzoea. Alizungusha vishikio vya sufuria vitazame ukutani, akasogeza birika, akafungua na kufunga bawaba iliyolia, kisha akatoka nje kuzunguka nyumba.

Mteja mwingine alikuwa muuguzi Mkenya aliyenunua fleti ndogo. Alitaka kisiwa, ile kaunta inayosimama peke yake katikati ya jiko. Alikuwa ameiona kwenye simu.

"Ni poa sana, Fundi. Watu wanakaa hapa, mimi napika hapa, tunapiga story."

Fundi aliutazama upana wa jiko. "Zanzibar ni kisiwa," alisema. "Ina bahari pande zote. Bahari yako iko wapi?"

Yule dada hakupenda. Nilimvuta Fundi pembeni nikamwambia awe mpole. Akatoka, nikadhani amekasirika, kumbe ameenda kwenye spaza, kiduka cha jirani, kuomba maboksi. Alirudi nayo kifuani, akayapanga katikati ya jiko kwa kipimo kile kile alichotaka dada, akayafunga kwa gundi ya karatasi, kaunta ya maboksi. "Kaa nacho mpaka Jumapili," alimwambia. "Ukikipenda, nakujengea."

Ijumaa dada alinipigia simu. Alikuwa amejigonga nyonga mara mbili, na mlango wa oveni ulikuwa haufunguki wote. "Mwambie huyo mzee wako aje atoe maboksi yake," alisema, lakini alikuwa anacheka. Tulimtengenezea kibao cha kukunja ukutani, na mpaka leo akiniona ananiuliza habari za mzee.

Nisimfanye mtu asiyekosea. Kuna wanandoa wa mtaa wa juu aliowapimia kaunta kwa kiwiko cha mke, kama kawaida yake. Alisimamisha mkono wa yule mama, akashusha kidogo chini ya kiwiko, akaweka alama, akajenga. Kazi ilipokwisha mke akatuambia asante, ni nzuri sana, ila yeye hapiki. Anayepika ni mumewe. Mume alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na alikuwa amesimama pale mlangoni muda wote, hakuna aliyemuuliza. Fundi aliona aibu mpaka masikio yalimwiva. Alirudi siku iliyofuata akaipandisha kaunta yote, akawa anajisemea peke yake, "Nilipima mwanamke kwa sababu ni mwanamke." Wiki nzima aliwasimulia wateja kosa hilo kabla hawajamuuliza.

Na nyumbani kwake je? Waliishi Berea, ghorofa ya sita, chumba kimoja, jiko la kushirikiana na familia mbili nyingine, na kwa hiyo mkewe, Bi Mwanaidi, alipikia ndani ya chumba. Stovu ya visahani viwili ilikuwa juu ya spika mbovu, nyuma ya mlango, maji kwenye ndoo, visu kwenye kopo la rangi. Makosa yote aliyoyachukia Fundi yalikuwa yamekusanyika pale kama kikao. Mara ya kwanza kualikwa nilitazama, nikamtazama yeye, naye akatazama dirishani.

"Mganga hajigangi, mwanangu," Bi Mwanaidi alisema akipakua. "Huyu kawajengea watu wote wa Johannesburg pa kuwekea sufuria. Mimi naweka chini."

"Siwezi kupigilia msumari kwenye ukuta wa mtu," Fundi alisema. "Mwakani tunarudi."

"Mwakani gani?"

"Mwakani."

Bi Mwanaidi alinikonyeza. Nilikuja kugundua kwamba maneno hayo aliyasema kila mwaka. Masanduku yao mawili hayakuwahi kuteremshwa kutoka juu ya kabati. Fundi huyu aliyegombana na wateja kwa kosa la upana wa kidole, alimdanganya mkewe kwa neno moja mwaka baada ya mwaka, na nadhani alijidanganya mwenyewe kwanza. Alilala vibaya, Bi Mwanaidi alinieleza. Aliamka akatembea ukumbini mwa ghorofa, kwenda na kurudi, mpaka majirani wakalalamika.

Ukali wake ulitufukuzia wateja. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia vizuri. Mtu anakuja na picha yake kwenye simu, ana furaha, na Fundi anaanza, hapana, hapana, hapana. Mimi ndiye niliyesimama katikati nikizifanya zile hapana ziwe na adabu kwa Kiingereza. Katika majuma mawili walituondokea wateja wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu Fundi alikataa kuweka stovu chini ya dirisha lenye pazia. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa naona haya kuwa mdomo wa mtu mkaidi.

Katika hali hiyo tukaitwa mtaa wa Observatory.

Ilikuwa nyumba ya zamani yenye kuta za mawe, juu kilimani. Mwenye nyumba alikuwa Mzulu wa makamo, mstaarabu, mwenye haraka, simu haikutulia mkononi. Mpishi alikuwa mama yake mzazi, bibi mfupi mwenye kitambaa cha bluu kichwani, ambaye hapo nyumbani wote walimwita Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi. Fundi alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alitabasamu, jambo la nadra. Aliniambia, "Kwetu gogo ni mti uliokwisha kuangushwa. Hawa wamempa jina hilo aliyesimama kuliko wote."

Mwenye nyumba alitaka friji kubwa ya milango miwili, na friji hiyo ikae kwenye ukuta wa dirishani. Kwa hiyo stovu ilibidi ihamie kando ya mlango wa uani. Mlango huo ulifungukia ndani.

Fundi aliufungua, akaufunga. Akaufungua tena, akasimama pale ambapo stovu ingekaa, akainama kama anayeinua sufuria, na mlango ukamgusa mgongoni.

"Mwambie hivi," alisema. "Huyu bibi atakuwa ameshika sufuria ya moto na mtu atasukuma mlango kutoka nje. Mwambie sijengi mpaka mlango ugeuzwe, ufungukie uani. Mwambie hivyo hivyo, usipambe."

Mwenye nyumba alinitazama. "Anasema nini?" aliuliza kwa Kiingereza, akitupia macho saa yake.

Nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri, "Anasema patabana kidogo, lakini inawezekana."

"Safi," alisema yule bwana. "Anzeni."

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa ananisubiri, amekaza macho. Nikamwambia, "Amekubali. Ana fundi wake wa milango, ataugeuza yeye mwenyewe kabla hawajaanza kupikia."

Sikupanga. Yalitoka yenyewe, la kwanza likavuta la pili. Nilijiambia kwamba baadaye nitampigia yule bwana nimkumbushe habari ya mlango kama ushauri wangu mwenyewe. Sikupiga. Tulijenga, na lilikuwa jiko zuri, droo zilizoingia kimya kama pumzi, na nilipiga picha nyingi za kuwaonyesha wateja wengine.

Haikupita miezi miwili. Mwenye nyumba alirudi kutoka dukani, mikono yote miwili imejaa mifuko, akausukuma mlango wa uani kwa bega. Gogo alikuwa ndiyo kwanza anaitoa sufuria ya maharage kwenye moto. Maharage yalimmwagikia, yakamuunguza shingo upande wa kushoto, na mkono kutoka begani mpaka kwenye vidole. Alilazwa kwa muda mrefu.

Aliyenipigia simu ni mwenye nyumba mwenyewe. Hakutulaumu. Alikuwa analia, na alitaka tu mtu aje aiondoe ile stovu mbele ya macho yake. Nilipomwambia Fundi aliweka randa chini.

"Mlango hakuugeuza?"

"Hakuugeuza," nilisema.

Hilo lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa uongo mbaya kuliko maneno yote mawili ya kwanza.

Nilitegemea atamfuata yule bwana wagombane, halafu yote yajulikane. Niliomba yajulikane na nikaomba yasijulikane. Fundi hakumuuliza kitu. "Mtu aliyemuunguza mama yake kwa mkono wake haulizwi swali la pili," alisema. Alilolaumu ni nafsi yake, kwamba aliamini ahadi, kwamba alipaswa kuugeuza mlango kwa mikono yake kabla ya kuingiza stovu ndani. Siku ile ile tulikwenda na pikapu. Aling'oa bawaba, akaugeuza mlango, akaihamisha stovu, friji akaisukuma kwenye ukumbi. Alifanya kazi hiyo mpaka kucha zikatoka damu, na hakutaka malipo.

Baada ya hapo akawa anapanda Observatory kila mara. Gogo aliporudi nyumbani alikwenda kumsalimia. Kisha akaenda kumrekebishia droo ziwe nyepesi kwa mkono mmoja. Kisha akawa anaenda tu. Kizulu chake, ambacho kilikuwa cha sokoni kama changu, kikawa kirefu, chenye methali. Mimi sikwenda hata siku moja. Nilisema nina kazi. Baadaye nikasema nimepata kazi nyingine, na ilikuwa kweli. Duka moja la majiko ya kiwandani, pale pale Jules Street upande wa chini, lilitafuta mchoraji. Fundi aliniaga kwa heri njema na kunipa penseli zake tatu. Karakana ilifungwa baada ya miaka michache, magoti yake yalipokataa. Nilisikia tu. Tuliishi mji mmoja kama watu wa nchi mbili.

Nimemwona tena mwaka huu, Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwa mezani kwangu dukani nikasikia mlinzi anamwambia mtu kwa ukali asiguse bidhaa. Nilipoinua kichwa nilimwona Fundi katikati ya jiko letu la maonyesho, fimbo imening'inia mkononi, anafungua droo moja baada ya nyingine. Ndevu zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba. Zuhura, hii droo ya visu mmeiweka kwenye urefu wa macho ya mtoto." Ndipo akanishika mkono. "Hujambo, binti?"

Nilimwambia mlinzi aende. Fundi alizunguka jiko lile mara mbili huku tukiulizana habari. Bi Mwanaidi yuko salama, yuko Tanga, alitangulia. Yeye anafuata mwezi ujao. Nilicheka kwa mazoea, akatoa tiketi mfukoni akanionyesha. Nikaacha kucheka.

"Nazunguka kuaga," alisema. "Gogo nitamuaga kesho kutwa. Yule ndiye ananitia uchungu. Namwacha vibaya."

"Anaumwa?"

"Mkono ulipona kadiri ya kupona. Ni yeye na mwanawe. Unajua hawasemezani? Anaishi kwenye chumba cha uani, chakula chake anapika mwenyewe kwenye jiko dogo la gesi. Mwaka wa kwanza ule aliniuliza, fundi, wewe hukuuona ule mlango? Nikamwambia niliuona, nikamwambia mwanao, akaahidi kuugeuza. Ningenyamaza, lakini aliniuliza. Mwanawe akabisha, akasema hakuna aliyemwambia kitu. Anabisha mpaka leo. Mzee mzima yule anaapa kwa kaburi la baba yake. Na Gogo anasema, nimezaa mwongo."

Alikuwa ameegemea kaunta ya maonyesho, yenye bomba lisilo na maji. Alisema hayo kwa huzuni ya kawaida, akitazama nje kwenye magari. Niliona kama sakafu ya duka imepanda imenifikia magotini.

"Fundi," nilisema. "Hakuambiwa."

Hakunielewa.

"Hakuambiwa. Siku ile ulinipa maneno, sikuyafikisha. Nilimwambia patabana lakini inawezekana. Na ile ahadi ya kuugeuza mlango, hakuitoa yeye. Niliitunga mimi."

Nilianza kueleza, wateja waliokuwa wameondoka, uchovu, haya, na kila nililoeleza lilizidi kuwa dogo. Alinyanyua kiganja, nikakoma.

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa saba."

"Nakusubiri nje."

Alinisubiri nje, jua lote lile, akitembea kutoka mlango wa duka mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, na kurudi. Nilimwona kupitia kioo. Nilitamani saa saba isifike, nikatamani ifike upesi.

Tulipanda teksi hadi bondeni, kisha tukakipanda kilima cha Observatory kwa miguu. Magoti yalimuuma, nikataka kumshika kiwiko, akakiondoa. Mara moja tu alisimama kuvuta pumzi, akasema bila kunitazama, "Miaka yote hii nimekuwa nikimwonea huruma kwa kuwa na mtoto mwongo." Akaendelea kupanda.

Gogo alikuwa uani, kwenye benchi lililoelekea jua, blanketi mapajani, anachambua mboga za maboga. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Alifurahi kumwona Fundi, akaniuliza mimi ni nani. Fundi akamjibu. Kisha akanigeukia.

"Sema," aliniambia. "Kwa Kiswahili. Nitamfikishia."

Nikasema. Nilisema sentensi moja, nikangoja aigeuze kuwa Kizulu, nikasema nyingine. Sikuwahi kujua ni uchungu gani kumkabidhi mtu mwingine maneno yako hivyo, usijue anayafikishaje kwa anayesikiliza. Lakini uso wa Gogo ulikuwa mbele yangu, na niliuona unavyobadilika, nikajua Fundi hapunguzi wala haongezi.

Alipomaliza, yule bibi aliweka bakuli la mboga chini. Halafu alianza kusema, polepole, na Fundi akawa ananiletea.

"Anasema mkono bado unamuuma ikija baridi. Anasema huo amekusamehe, kwa sababu moto ni moto, na hata yeye hakutazama mlango."

Gogo aliendelea, sauti ikapanda.

"Anasema lakini mwanawe alimwambia mara nyingi kwamba hakuambiwa kitu, naye hakusikia. Alimwita mwanawe mwongo mbele ya ndugu zake wote, kwenye mazishi ya dada yake. Mtu mzima, na watoto wake wanasikia. Anauliza, hilo atalirudishaje?"

Fundi alingoja, akaona sina jibu, akamwambia Gogo kwamba sina.

Gogo akainua kichwa akaita kuelekea nyumbani. Aliita jina la mwanawe, mara moja. Nadhani kule ndani mtu hakuamini alichosikia. Akaita tena. Yule bwana akatoka, kitambaa cha sahani begani, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Alisimama mbali na benchi, mahali ambapo bila shaka alikuwa amezoea kusimama. Hakunitambua.

Nilimgeukia Fundi nianze upya kwa Kiswahili, lakini Gogo alisema neno fupi, na Fundi akatikisa kichwa.

"Anasema huyu Kiingereza anakijua. Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia mwenyewe. Haikuchukua muda. Nilimrudishia yale maneno kama Fundi alivyonipa siku ile, kwamba bibi atakuwa ameshika sufuria ya moto na mtu atasukuma mlango, kwamba hajengi mpaka mlango ugeuzwe. Nikamwambia kwamba yeye hakuwahi kuyasikia kwa sababu mimi sikuyasema.

Nilidhani atanifokea. Nilikuwa tayari, nilitaka hata. Lakini hakunitazama kabisa. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Ma?" alisema.

Gogo alivuta blanketi, akasogea mpaka mwisho wa benchi, na ile nafasi iliyobaki akaipangusa kwa mkono wake ulioungua, kama mtu anayepangusa vumbi. Yule bwana akaja akakaa. Walikaa bega kwa bega, wakawa wanatazama mboga.

"Twende," Fundi aliniambia. "Hapa hatuna kazi."

Barabarani nilimshukuru. Tulifika pale ambapo njia ya Berea inaachana na njia ya kurudi Malvern, nami nikamuuliza kama atanisamehe kabla hajasafiri.

Alifikiri, fimbo ikigonga ukingo wa barabara.

"Sijui," alisema. "Ningekuambia ndiyo, ningekuwa nakupambia. Ngoja nitembee kwanza."

Akashika njia ya Berea. Nilisimama pale mpaka kofia yake ilipopotea chini ya mteremko.